Kiunoni na Kwenye Pindo

Kila jioni baada ya mazoezi, Sindano alipitia kibandani kwa mama yake, fundi cherehani, akamsaidia kufagia vipande vya vitambaa, kisha wakafuatana nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wembamba wake na mbio zake. Jioni hiyo aliingia mapema, uso umemvimba, akajibwaga kwenye kigoda.

"Vipi, uwanja umehama?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Sikimbii tena. Mwalimu anampendelea mpwa wake. Tunakimbia mzunguko mmoja, mimi ananiweka njia ya ndani, mpwa wake njia ya nje kabisa, hatua zaidi ya ishirini mbele yangu. Nimemwambia mbele ya wote kwamba huo ni wizi."

"Naye?"

"Amesema huo unaitwa mwanzo wa kupishana. Nisiporudi kesho asubuhi, nafasi yangu kwenye mashindano anapewa mwingine." Mashindano hayo alikuwa ameyangoja mwaka mzima.

"Ukamuuliza maana yake?"

"Niliondoka."

"Kweli wewe hodari wa kukimbia."

Mama alisimamisha cherehani, akatandaza mezani sketi ya duara ya mteja, akamrushia futi. "Pima kiuno."

"Sentimita sabini."

"Sasa pindo. Usivute kitambaa."

Sindano aliizunguka meza nzima akipima kidogo kidogo. "Karibu mita nne na nusu."

"Na sketi ni hiyo hiyo moja. Sisimizi wawili wakianza mstari mmoja, huyu azunguke kiunoni, yule kwenye pindo, nani atachoka zaidi?"

Sindano alikodolea macho sketi. "Wa pindo." Akaachia futi. "Kumbe wa nje anasogezwa mbele ili wote tukimbie umbali sawa. Mama, nimeharibu."

"Umeharibu, na utarekebisha. Ulimwita mwizi mbele ya watu, kamwombe radhi mbele ya watu hao hao."

Asubuhi alifanya hivyo. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Mpwa wake ndiye aliyecheka.

"Hivi unajua kukaa mbele kulivyo? Nasikia miguu yako nyuma, roho inaruka. Njoo tupige kura nani akimbie nje, uone."

Kura ikampa Sindano njia ya nje.

"Haya, mpendelewa, nenda mbele," mpwa wa mwalimu alimtania, na wote wakaangua kicheko, hata mwalimu, kabla ya kupuliza kipenga.

Jioni alipoingia kibandani, mama aliuliza, "Nani kashinda?"

"Mpwa wa mwalimu, kwa kifua tu. Lakini wote wawili tunaenda mashindanoni. Na mama, ile njia ya nje inatisha."

Mama alicheka, akachomoa futi kuukuu kutoka kwenye droo, akamkabidhi. "Iweke kwenye mkoba. Ukiona jambo limepinda, uliza na upime kwanza. Ukimaliza kupima na bado limepinda, sema, nami nitakuja tuseme pamoja. Sasa shika ufagio."