Jiwe Halina Miguu

Mpima ardhi alikutwa amelala kifudifudi ndani ya mtaro wa msingi, kisogo kimepasuka.

"Chuma kizito," daktari wa polisi alimwambia Inspekta. "Pigo moja tu, jana jioni."

Kiwanja kilikuwa urithi wa ndugu wawili. Kaka, mwashi, alitaka kigawanywe ajenge nyuma, na msingi alishauchimba. Dada yake, mshonaji mjane, aliishi vyumba viwili vya ubavuni. Halmashauri ilikubali kwa sharti: kila kipande kiwe na njia ya kupita gari. Marehemu alikuwa akiipima njia hiyo.

Majirani wote walimnyooshea kidole mwashi: jana walimsikia akigombana na marehemu.

"Mligombania nini?" Inspekta alimuuliza.

"Alisema gari la zimamoto halipiti bila kuvunja vyumba vya dada. Nikamwambia apime upya. Kufoka nilifoka, Afande. Kuua, sikuua."

Mkuu wa kituo alipiga simu: mwashi awekwe ndani.

"Bado, mkuu," Inspekta alijibu, akakata simu.

Aliufuata mpaka wa kiwanja mguu kwa mguu. Kwenye kona ya upande wa jirani, karibu na ule mtaro, jiwe la mpaka lilisimama katika udongo laini, uliochimbuliwa karibuni. Hatua chache nyuma yake, ndani ya kiwanja, palikuwa na shimo lililofukiwa harakaharaka. Jiwe halina miguu. Kuna aliyelihamisha, kiwanja kikaongezeka upana.

Akawaita ndugu wote wawili.

"Viganja."

Vya mwashi vilikuwa vigumu kama soli. Vya dada vilikuwa na malengelenge mabichi.

"Sindano haichubui hivi, dada yangu," Inspekta alimwambia.

Mwashi aligeuka. "Dada, sema si wewe!"

"Ni mimi. Mtaimbo uko chooni. Nilisogeza jiwe ili njia ipite pembeni, vyumba vyangu vipone. Mpima akarudi kuhakiki, akanifuma. Nikambembeleza. Akasema jiwe litarudi na vyumba vitavunjwa. Akanipa mgongo. Mume wangu alikata roho mle ndani. Ningekwenda wapi?"

"Ungeweka pingamizi halmashauri," Inspekta alisema. "Muda haujaisha. Wangekusikiliza kabla ya kuvunja chochote."

"Pingamizi? Nani aliniambia?"

Inspekta alimtazama mwashi. Mwashi aliinamisha kichwa.

"Halmashauri walinituma nimweleze," alisema kwa shida. "Nikanyamaza. Nilijua angepinga."

Dada alimtazama kaka yake, kisha akamnyooshea Inspekta mikono.