Hakuna Kifo Hata Kimoja

Domitille, rafiki yangu wa mtaa wa Bigo, si mtu wa kuzua maneno. Wakati wa Ebola, kila jioni alisikiliza redioni hesabu ya wagonjwa na ya wafu. Siku tuliyomzika kaka yake Destin, aliyekufa kwa Ebola asubuhi hiyo, sisi tukiwa tumesimamishwa mbali na kaburi, mtangazaji alisema: "Leo, Bunia, hakuna kifo hata kimoja."

Kesho yake Domitille alitoka kununua makala, makaa ya kupikia. Alipofika mbele ya kituo cha ile redio, hasira ilimpanda, akaingia.

"Ndugu yangu tulimuzika jana," alimwambia Assani, mtangazaji. "Weye unasema hakuna?"

"Mama, miye nasomaka tu hesabu yenye wananipatia."

"Basi soma tena, na jina lake."

Assani naye alikasirika. Alimwingiza studio amsikilizishe rekodi ya jana, asikie mwenyewe kwamba hakupunguza neno. Chumba hakikuwa na dirisha, na kuta za sponji zilimeza hata sauti ya nyayo. Mara umeme ukakatika. Gizani ilibaki mashine ya betri tu, ikicheza rekodi ya Assani akisoma: "Hakuna kifo hata kimoja."

 Kisha, ndani ya rekodi hiyo hiyo, mwanaume mwingine, kwa mbali, akasema: "Na miye?"

Domitille aliijua sauti hiyo tangu utoto.

"Jana nilikuwaka peke yangu humu," Assani alinong'ona. Akarudisha rekodi nyuma, akaiwasha tena.

Mara hii sauti ilikuwa imesogea karibu kabisa na mikrofoni, na ilikuwa imekasirika.