Kikombe Alichonywea Spès

Alikipiga kikombe ukutani, vipande vikaruka mpaka miguuni mwangu.

Kosa la kikombe? Kilikuwa kimetoka mdomoni mwa mama mzee anayefinyanga vyungu.

"Nani amemwingiza huyu kwangu?"

Ni mimi, ndugu zangu. Na mpaka leo sijaisahau sura ya yule bwana.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Kigali, mwaka 1992. Televisheni ilikuwa bado kitu kipya, na Muzehe Silvère alikuwa anajiita baba wa televisheni. Miaka mingi kabla, alipata kamera kwa mzungu mmoja, akawa anapiga picha na kuwaonyesha watu kwenye televisheni yake. Sasa marafiki walikuwa wanamwandalia sherehe. Mimi, Twahiru wa Biryogo, nikatumwa na gazeti letu dogo niandike habari zake.

Akaniwekea kanda ya zamani. Yuko Kabuga, anatembea, anacheka, anawapungia watu wa sokoni.

"Ulifanya kazi na nani, Muzehe?"

"Peke yangu, sha. Kamera niliisimamisha kwenye miguu yake mitatu."

Nikatazama tena. Picha ilikuwa inamfuata, inapanda naye kilima, inatikisika kama mtu anayehema. Nikaandika alivyosema, mgeni habishani na mwenyeji. Lakini miguu mitatu imeanza lini kupanda kilima?

Kesho yake nikaenda Kabuga kuuliza nani aliishika kamera. Sokoni hawakuhangaika hata kukumbuka.

"Unatafuta wale wa waya? Gatera na bibi yake. Gatera alikufa. Bibi iko pale, kwenye vyungu."

Huyo ndiye Spès, mjane wa Gatera.

"Kamera iko nzito, mwana wangu," akaniambia. "Mimi nabeba kwa bega, Gatera anabeba mashine ya kurekodi kwa mgongo, waya katikati yetu. Mmoja akianguka, wote tunaanguka. Silvère yeye anatembea mbele."

"Mbona Silvère hawataji nyinyi?"

Akafuta udongo mikononi.

"Sisi ni watu wa vyungu. Wanapikia vyungu vyetu, lakini kunywa na sisi wanaona kinyaa. Sitaki kitu kwake. Aseme tu jina la Gatera mbele ya watu. Mara moja tu."

Kwa wasiojua: enzi hizo mfinyanzi hakupewa mrija kwenye mtungi wa wote. Alikuwa na kibuyu chake, kikishatumika kinawekwa kando. Mtungi ule ule alioufinyanga yeye! Mnaielewa hiyo akili?

Jumamosi, siku ya sherehe, nikamleta Kiyovu, nyumbani kwa Silvère. Niliamini akimwona ataona aibu, atasema ukweli.

Mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa katikati ya ua, wageni wa suti wamechomeka mirija. Mimi na Fanta yangu pembeni. Msichana wa vinywaji hakujua kitu, akampa Spès kikombe. Spès akanywa, akasimama.

"Silvère, mtaje Gatera."

Ndipo Silvère akamnyang'anya kikombe, kikaenda ukutani...

"Simjui huyu mama," Silvère akasema. "Na kikombe hicho, nani angekinywea tena?"

Wageni wakacheka. Bosi wangu Révérien naye akacheka.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akatoka bibi kizee na fimbo yake. Mukasine, mama mzazi wa Silvère, ambaye siku zote tuliambiwa ni mgonjwa, hapokei wageni.

Akauendea mtungi. Akashika mrija, akaonja yeye kwanza kama afanyavyo mwenye nyumba. Kisha akampa Spès mrija ule ule.

"Kunywa, mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Silvère akamshika mama yake mkono.

"Mama, rudi ndani. Unaumwa."

"Naumwa nini, Silvère? Kufinyanga? Vyungu ndivyo vilikusomesha. Huyu uliyemvunjia kikombe ni mama yako mdogo."

Nilidhani wageni wataona aibu kwa kile kicheko chao. Thubutu.

Walianza kutema mate. Mmoja alifuta ulimi kwa tai yake. Hawakumchukia Silvère kwa uongo, walichukia kwamba wamekunywa naye. Yeye akabaki anawanyooshea mirija, "Karibuni, jamani, kunyweni," na hakuna mkono uliopokea. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Spès akaninyooshea mrija. Mimi Mwislamu, pombe siinywi. Nikampa chupa yangu ya Fanta, akanywa, akanirudishia, nikaimaliza.

Révérien aliikataa habari yangu. "Inanuka," alisema. Halafu ikaja tisini na nne, mwaka wa mauaji ya kimbari, ikachukua kanda ile, na wengi waliokuwa uani siku ile. Spès pia.

Somo ni hili: ukimwonea mwenzako kinyaa, unawafundisha watu namna ya kukuonea wewe.

Na lile jina halikutajwa uani, kwa hiyo nalitaja hapa. Mashine aliibeba Gatera. Kamera aliishika Spès. Ukishasoma, yaandike majina yao kwenye komenti. Mara moja tu, kama alivyoomba.