Jicho la Nyangwine

Zaitun alitoka kwenda kununua kamera saa kumi na moja jioni, na laiti angejua, angebaki nyumbani akasonga ugali.

Mwaka ule dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu pale Tarime. Walimu waliacha chaki, mafundi cherehani wakaacha nguo za watu zimeshonwa nusu, wote mbio machimboni. Abubakari, mdogo wake Zaitun, ndugu pekee aliyebaki naye tangu mama yao azikwe, alikuwa akishuka duarani kila jioni. Duara ndivyo wanavyoliita lile shimo la kuchimbia dhahabu. Wanaoshuka ni wengi, na wengine hawapandi.

"Siku utakayoshika kamera ya maana tukafungua studio, mimi naacha," Abubakari alikuwa amemwambia. Kwa hiyo Zaitun hakuwa anakwenda kununua kamera tu. Alikuwa anakwenda kumtoa ndugu yake shimoni.

"Shikamoo, mzee Owuor," alisema akiingia duka la kamera.

"Marahaba, nyathina, mwanangu. Njoo uchague."

Mezani kulikuwa na mbili. Moja nyepesi, lenzi fupi. Ya pili nyeusi, nzito, lenzi yake ndefu kama mchi. Zaitun, aliyezoea kupiga harusi za watu kwa simu, aliikodolea macho ile ya mchi. Ndivyo walivyo wanaoanza, wanapenda ukubwa.

"Anayeanza haangalii lenzi," Owuor alimwambia. "Anaangalia ile inayomkaa mkononi. Chukua hii nyepesi."

"Hii kubwa ina kasoro gani?"

Owuor akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Ni ya Nyangwine, yule mpiga picha wa machimboni. Aliileta niisafishe. Akarudi kule... hajaonekana mpaka leo." Akashusha sauti. "Kamera hizi zina kioo ndani. Unachungulia hapa, kioo kinakuonyesha watu. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka. Giza... kidogo tu. Picha inaingia wakati wewe huoni. Zote ziko hivyo. Lakini hii..."

"Hii imefanyaje?"

"Wanasema macho hayana pazia, nyathina. Haya ya kamera yanalo. Usitake kujua nyuma yake kuna nini."

Zaitun akajichekea moyoni. Mfanyabiashara huyo, anataka kusukuma kile kisichonunulika! Akaomba aijaribu ile nzito kwa nusu saa tu, akadandia pikipiki ya Tonny, kijana wa stendi, wakaenda machimboni. Alitaka kumwahi Abubakari kabla hajashuka.

Alimkuta kwenye mdomo wa duara na wenzake wanne. Abubakari aliiona ile kamera, akaruka kama mtoto.

"Umepata kweli, dada! Basi leo ndiyo ya mwisho. Hebu tupige."

Wakajipanga. Zaitun akachungulia. Watano, na jua la jioni usoni mwao. Akafanya kama wafanyavyo wapiga picha wote duniani.

"Moja... mbili... tatu!"

Tak.

Giza, kidogo tu.

Aliposhusha kamera, hakuna aliyekuwa akicheka. Mzee Marwa, mkubwa wa duara lile, alikuwa amesimama pembeni, amemkazia macho.

"Nani amekutuma uhesabu watu hapa?"

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa napiga picha tu..."

Hakuitikia. "Binti, kwenye mdomo wa duara watu hawahesabiwi. Sisi tunauliza tu, 'Wote tupo?' Inatosha. Ukihesabu, na walio chini wanajihesabu."

Zaitun akatazama picha kwenye kioo cha nyuma.

Sita.

Wa sita alisimama nyuma ya Abubakari. Shati lake lilikuwa limeganda tope. Jicho la kushoto alikuwa amelifumba, kama mtu anayechungulia kitu kwa jicho la kulia.

Akainua uso. Watano. Akachungulia tena kwenye tundu la kamera. Watano. Akabonyeza, safari hii bila kuhesabu.

Tak.

Sita. Na sasa mkono wa yule mtu ulikuwa begani kwa Abubakari.

Harufu ya tope bichi ikampanda puani. Ilikuwa kiangazi, mvua haijanyesha kwa miezi miwili. Zaitun aliingiwa na hofu. Akamwonyesha mzee Marwa ile picha.

"Nyangwine," mzee alinong'ona. "Alikuwa akituhesabu kila jioni. Tulimkataza. Siku moja akashuka kutafuta pa kupigia picha huko ndani, duara likaporomoka likafunga. Tangu hapo tukiuliza 'Wote tupo?', kuna sauti inaitikia kutoka chini." Akamgeukia Abubakari. "Mura, kijana wangu, nenda nyumbani. Leo hushuki, wala kesho."

Wakapanda mshikaki kwenye pikipiki. Tonny mbele, Abubakari katikati, Zaitun nyuma amemkumbatia ndugu yake kwa nguvu. Mgongoni alihisi baridi. Akajiambia ni upepo.

"Mbona leo mzigo mzito hivi?" Tonny alilalamika kwenye kilima.

Owuor aliipokea ile kamera. Akampa ile nyepesi, na betri yake mkononi, akamwambia akaichaji kwanza. Zaitun akaivaa kamera shingoni, betri akaitia mfukoni. Alitaka kulia kwa furaha. Kamera anayo, ndugu yake anaye.

Nyumbani Abubakari alishuka, akaingia ndani. Tonny akabaki akitazama barabara waliyotokea.

"Dada Zaitun... yule mwenzenu ameshukia wapi?"

"Mwenzetu nani?"

"Aliyekaa nyuma yako. Ananuka tope."

Zaitun akakimbilia ndani.

"Abubakari!"

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anamtazama. Jicho la kushoto amelifumba.

"Dada," alisema taratibu. "Simama hapo hapo."

"Abubakari, mdogo wangu, acha mchezo..."

"Moja."

Zaitun akaikumbuka kamera iliyokuwa shingoni.

"Mbili."

Alishika betri mfukoni. Ilikuwepo.

"Tatu."

Shingoni kwake, kamera isiyo na betri ikalia. Tak.

Giza, kidogo tu.

Alipoona tena, viatu vya Abubakari vilikuwa pale sakafuni, vimejaa tope bichi. Mwenyewe hakuwepo.

Zaitun ana studio sasa, na watu wanamsifu, ila wanashangaa kwamba hahesabu kabla ya kupiga. Kila jioni huifunga mapema akaenda machimboni, akasimama kando. Anamngoja mzee Marwa aulize kabla ya kushusha watu: "Wote tupo?"

Zamani, kutoka chini, ilikuwa ikiitikia sauti moja. Siku hizi zinaitikia mbili, na ya pili Zaitun anaijua.