Fidla ya Marehemu na Gundi Niliyonunua Dukani

Wasomaji wenzangu, mwandiko wangu ni mbaya na najua maneno mengine nimeyakosea. Nisameheni... Niliishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi Uganda, na ukurasa huu umenichukua siku nne.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa. Ninaishi Munuki, hapa Juba, na mjomba wangu Wani, aliyenilea baada ya mama kufariki. Kazi yake ni kutengeneza fidla na magita ya zamani, na vinubi vya kwetu tunavyoviita rababa. Mimi naona haya mbele za watu, lakini mbao hazinitazami usoni, kwa hiyo alinifundisha.

Shida yangu ni moja. Siwezi kutulia! Hata sasa nimeinuka mara tatu.

Mjomba hutumia gundi ya ngozi ya ng'ombe. Unailoweka, kisha unaipasha polepole, na haitakiwi kuchemka. Huniambia kwamba joto likiivuta fidla, gundi hiyo huachia yenyewe na mbao haipasuki.

Siku moja Mama Keji, mjane wa kanisani kwetu, alileta fidla ya marehemu mumewe. Shingo ilikuwa imebanduka. Mwanawe alitaka kuipiga Jumapili, kwenye ibada ya kumkumbuka baba. Mjomba akaitwa msibani Yei, akaniachia kazi. "Hii ni yako, binti yangu. Usiikimbize."

Niliikimbiza... Gundi ikiwa motoni nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikaikuta imechemka na kuungua! Ningeloweka nyingine, lakini moyo haukutaka kungoja. Nikanunua dukani gundi ya kubandika viatu, ile inayokauka papo hapo. Ikashika. Nilifurahi, mjinga mimi!

Jumapili, katikati ya wimbo, tulisikia mlio kama fimbo imevunjika. Gundi haikuachia. Uso wa fidla ndio uliopasuka, kutoka shingoni hadi katikati.

Mjomba aliporudi Jumatatu alimkuta Mama Keji mlangoni.

"Wani, ulitengeneza fidla au ulipigilia sanduku la maharage?"

Mjomba akaomba radhi, malesh, malesh.

"Malesh! Malesh ndiyo itapiga fidla ya mume wangu?"

Mjomba alilowesha kidole kwa mate, akakipitisha pale shingo ilipoungwa. Gundi ya ngozi ingenata. Hii ilibaki kavu. Akanitazama. "Nani aliunga hapa?"

Mnajua nilijibu nini? "Ni wewe, mjomba, kabla ya safari."

Mjomba akamgeukia Mama Keji, akamwambia, "Ni mimi. Macho yangu yamechoka."

Makanisa yakaacha kutuletea kazi. Watu walisema Wani amezeeka. Na mimi nilikula naye sahani moja wiki tano nzima, nikitafuta maneno! Siku niliyomwambia ukweli, jikoni, nililia. Yeye hakukasirika. Alisema tu, "Nilijua. Nilikungoja useme siku ile, Mama Keji akiwa bado amesimama."

Nilikwenda kwa Mama Keji nikamwambia ukweli. Yeye amemsamehe mjomba, lakini mimi hanisalimii. Siku hizi mjomba anapika gundi mwenyewe. Mimi nafagia.

Vijana wenzangu, msipite njia yangu! Ukiharibu, sema hapo hapo, hata ukitetemeka. Mtu asibebe kosa lako mbele za watu, halafu wewe ukamtubie jikoni.

Tafadhali niandikieni. Kuna kati yenu aliyewahi kuaminiwa tena? Alifanya nini? Na alingoja muda gani?