Diski Kutoka Kathiani

Kaka yangu Ndambuki alikuwa na kompyuta moja, na hiyo moja ndiyo iliyolisha nyumba yake. Huu ulikuwa mwaka wa 2003, hapa Machakos mjini. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda kimoja upande wa Athi River, na pesa alizopewa akienda nyumbani alizinunulia kompyuta, pedi mbili za kuchezea na benchi la mbao. Alikodi chumba kando ya saluni yangu, watu wakawa wanalipa kucheza mpira na mbio za magari kwenye skrini. Katikati yetu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Nikisuka mteja, nilisikia kila bao.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa tano. Kompyuta ilikuwa imezeeka. Gemu mpya zilikataa kuingia, na zile za zamani zilikwama katikati, mchezaji ameinua mguu na mpira uko hewani. Upande wa chini wa mji kukafunguliwa chumba kingine chenye mashine mpya nne, na wateja wakahamia huko mmoja mmoja bila kuaga. Mkewe Ngina akaanza kufulia watu nguo. Binti yao Kanini alikuwa na miaka mitano, na mwaka uliofuata alitakiwa kuanza darasa la kwanza.

Omar, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye baraza letu, ndiye aliyempa wazo. Alimwambia hakuna haja ya kununua mashine nyingine. Atie memori zaidi, kadi nzuri ya picha na diski kubwa, kwa sababu diski ndiyo ghala, kila kitu cha kompyuta hukaa humo. Vya mitumba vingetosha. Na alikuwa amesikia kuna mama Kathiani anauza vya marehemu mwanawe kwa bei ya chini.

Tulienda watatu, siku ya Jumatano. Mama huyo aliitwa Syombua. Alitupokea vizuri, akatupa chai na viazi vitamu, akatuonyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama vile watu hufunika redio. Mwanawe Mumo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuoa. Miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, aliishi na mashine hiyo tu.

Omar alifungua kasha, akatoa tulivyohitaji. Kasha tupu tukamwachia mama. Ndambuki alipomkabidhi pesa, hakuzihesabu. Alimshika mkono.

"Mwanangu, hii diski utumie vile unataka," alisema polepole. "Lakini yale ya Mumo yako ndani usifute. Mimi niko karibu kuenda. Nataka akae mahali kuko na watu."

"Sitafuta, mama."

"Sema tena."

Ndambuki akasema tena. Njiani kurudi alikuwa akijipangusa kiganja kwenye suruali. Alisema mkono wa mama yule ulikuwa baridi, ilhali alikuwa ameshika kikombe cha chai muda wote.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Kompyuta ilikimbia kama mpya na benchi likajaa. Kwenye orodha ya wachezaji wa ile gemu ya mpira kulikuwa na jina MUMO, na hakuna aliyeweza kumfikia kwa pointi. Wateja walicheka tu. Kisha Ndambuki akaniita asubuhi moja.

"Mwelu, kuja uone. Jana nikifunga alikuwa ameshinda mechi mia mbili na tisa. Leo ni mia mbili kumi na nne."

Omar alisema ni betri ya saa ndani ya mashine, huchanganya hesabu. Tukakubali. Lakini nilimwona Omar akirudi kwenye meza yake, akakaa kitambo bila kushika kitu.

Shida ilikuja na gemu mpya ya magari. Wateja waliitaka, kule chini walikuwa nayo tayari, na diski haikuwa na nafasi. Nusu nzima ilikuwa vitu vya Mumo. Picha, barua, na sauti yake aliyokuwa akijirekodi. Ndambuki alizunguka na shida hiyo kichwani siku tatu. Hakuwa na pesa ya diski nyingine. Mwenye nyumba alikuwa ameshakuja mara mbili kudai kodi.

"Nisaidie kufuta," alimwambia Omar.

"Mimi siguzi hiyo. Uliahidi mama wa watu."

Akafuta mwenyewe. Kesho yake vitu vilikuwa vimerudi vyote. Akafuta tena. Vikarudi. Jumamosi saa nane mchana aliwatoa wateja wote, akafunga mlango, akaamua kuifuta diski nzima na kuanza upya. Nilikuwa nasuka. Nilisikia kompyuta ikiguruma kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya kijana ikiuliza, kwa upole kabisa:

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

Mteja wangu aliisikia pia. Aligeuza shingo. Nilienda nikafungua mlango, nikamkuta Ndambuki peke yake. Alikuwa ametulia mbele ya skrini nyeusi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza maelekezo.

Alianza kusahau siku hiyohiyo. Alisahau kufuli. Jumatatu alisahau njia ya kwenda kwake, akarudishwa na jirani. Alisahau mahali baba yetu alizikwa, na yeye ndiye aliyechimba. Tulifikiri ni mawazo ya kukosa kazi. Hospitalini walimpima kila kitu wakasema ni mzima. Mchungaji alimwekea mikono akaomba hadi jasho likamtoka, na Ndambuki akamuuliza kwa adabu kama wanajuana.

Lakini alikuwa anajua mambo mengine. Alijua mbuzi wa Kathiani kwa majina. Alijua uchungu wa kulala ubavu mmoja miezi minane. Alimweleza Ngina jinsi mtu anavyokufa, kwamba miguu hutangulia, halafu masikio huwa ya mwisho. Alimweleza akila ugali.

Jioni moja Kanini alimpandia magotini. Alimtazama mtoto kwa muda. Akamshusha chini taratibu.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

Ngina hakulia. Aliingia ndani akafunga nguo chache kwenye mfuko. "Kesho tunarudisha hiyo kitu," aliniambia. "Na yeye tunaenda naye."

Omar aliitoa diski akaifunga kwa gazeti. Hakutaka kuja. Tukaenda sisi, mimi na Ngina, Ndambuki katikati yetu. Tulipofika Kathiani hatukuhitaji kuuliza njia. Yeye ndiye aliyetangulia. Alipita njia ya mkato kati ya mahindi, njia ambayo hatukuipita mara ya kwanza, na mbwa wa pale, aliyetubwekea sisi, alimlalia miguuni.

Mama Syombua alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Ngina alipiga magoti akamwekea diski mapajani. Yule mama akaigusa. Akaiinua kwenye sikio. Akaiweka chini.

"Hii haina mtu," alisema. "Mmempeleka wapi?"

Nyuma yetu Ndambuki aliketi kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu.

"Niko hapa, mwaitu," alisema.

Ni vile sisi Wakamba humwita mama. Lakini sauti haikuwa ya kaka yangu. Ilikuwa ile niliyosikia nyuma ya ukuta.

Mama Syombua hakushtuka. Alimtazama tu. Uso wake ulikunjamana, nikafikiri atapiga nduru. Badala yake aliinuka, akaenda akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali," Ngina alisema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Nirudishie bwana yangu. Niko na mtoto."

"Wako sijui alienda wapi," mama alijibu bila kugeuka. "Wangu ni huyu."

Tulimvuta. Tulimwita kwa jina lake, kwa jina la babu alilorithi, kwa jina la utani la utotoni. Alituangalia kwa huruma, jinsi mtu anavyowaangalia wageni waliokosea nyumba. Kisha akaingia ndani. Tukasikia kitanda kikilia. Mama Syombua akachukua ungo wake akaingia pia, na mlango ukafungwa.

Tulirudi wawili.

Ngina alienda tena mara tatu. Mara ya tatu alimkuta Ndambuki akipalilia, naye akampa maji ya kunywa, akamuuliza ametoka mbali kiasi gani. Chifu alisema ni mtu mzima, hajashikwa kwa nguvu. Ngina akahamia Kinanie, akapata kazi ya kufagia kwenye godauni. Mtoto akimuuliza, alisema baba amesafiri. Baadaye mtoto akaacha kuuliza. Mimi nikaacha kuenda Kathiani.

Mwaka wa 2005 nilihamisha saluni kwenye jengo jipya la mawe, upande mwingine wa mji. Kaka yangu hakuwahi kukanyaga hapo. Ukuta ulikuwa ndio kwanza umepakwa rangi nyeupe. Wiki ya pili, nikifagia asubuhi, nilisogeza kiti cha wateja nikaona maandishi ya penseli, chini karibu na sakafu. Mwandiko niliujua. Alinifundisha kuandika kwa mwandiko huo.

Yalikuwa yameandikwa hivi:

*Mimi ni Ndambuki. Mke wangu ni Ngina. Mtoto wangu ni Kanini, jana ameng'oka jino la mbele.*

Nilimpigia Ngina simu. Akasema ni kweli, jino lilitoka jana jioni, na hajamwambia mtu.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, umeandikwa kwa kukandamiza sana, herufi zikitetemeka:

*Na huyu anayesuka nywele hapa ni dada yangu, anaitwa*

Penseli ilikuwa imeishia hapo. Ukuta sijaupaka rangi tena. Kila asubuhi nikifungua, kabla ya kuwasha taa, huinama nikatazama. Hakuna kilichoongezwa.