Lunettes ya Njano ya Immaculée

— Usiniguse, Isidore! Mi niko naona wewe wawili, na mumoja tu tayari ananichosha.

Immaculée, muuguzi kwenye hospitali moja ndogo ya Baraka, alikuwa ameinama chini ya taa ya bluu, ile ya kuwatoa watoto wachanga umanjano. Watoto watatu walifungwa kitambaa cha gaze machoni, wamelala kama mabwana. Yeye alikuwa amejivuta kitenge hadi kwenye nyusi, machozi yanatiririka, kichwa kinagonga. Lunettes ya njano, miwani ya kumkinga na taa hiyo, moja tu hospitali nzima, ilipotea wiki mbili zilizopita.

— Pole, chérie, alisema mchumba wake, aliyepeleka chanjo vijijini kwa moto, pikipiki ya hospitali. Nilikuja tu kukukumbusha siku ya Samedi. Bazee yangu batakuja kwenu na dot, mahari yako yote.

— Soma hii kwanza.

Alimtupia karatasi: demande d'explication. Daktari mkuu alitaka ajieleze kwa maandishi lunettes ilikwenda wapi kabla ya kesho, la sivyo atolewe kazini.

— Pengine uliisahau kwenye lavabo ukinawa mikono, alisema Isidore, akitazama viatu vyake.

— Nimetafuta mpaka ndani ya bitambaa bya batoto!

Chumba cha pili, phonie, redio ya mawasiliano, ikakoroma. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo vituo vyote vya afya vinasikilizana. Mwaka ni 2003: vita vilitangazwa vimekwisha, ila barrière za wanajeshi barabarani hazikuambiwa.

— Baraka, hapa Lulimba. Ule motard wenu wa chanjo, wa lunettes ya njano, iko? Komanda wa barrière, ule alimuvua ile lunettes, anauliza kama iko na ingine, ya bibi yake. À vous, mujibu!

Immaculée akageuka.

— Isidore.

— Vumbi ilikuwa mingi, Imma! Nilisema nitairudisha mbele ujue. Komanda akanivua palepale, bunduki mu mukono. Ningemuambia nini?

— Yeye, hapana kitu. Mimi, kila kitu! Wiki mbili unaniona nalia chini ya taa, unaniambia pole! Unaniacha niandike explication ya wizi yako!

— Nilisikia haya kukuambia.

— Haya? Muzuri. Bazee yako babaki kwao Samedi.

Akampa mgongo. Isidore alisimama, akakuna kichwa, kisha akaingia kwa Papa Henri wa phonie na kumpokonya mikro.

— Vituo vyote, hapa Isidore, motard. Lunettes ya muuguzi Immaculée, ni mi niliiba. Yeye hana kosa. Docteur, kama unasikia, ile karatasi uniandikie mi. À vous.

— Lulimba, bien reçu, tumesikia!

— Swima, bien reçu, na tuko tunakucheka!

— Hapa daktari, ilisema sauti nzito. Isidore, ulete funguo ya moto ku bureau, sasa hivi. Na Immaculée atoke chini ya ile taa. Atapokezana na muuguzi mwenzake Florentine kila nusu saa mpaka lunettes ingine ifike.

Immaculée alikuwa mlangoni, macho mekundu. Akaichukua mikro mkononi mwa mchumba wake.

— Hapa Baraka. Bien reçu. Bazee bakuje Samedi.

Isidore akaanza kutabasamu.

— Sijamaliza! Rudia yote, polepole. Kituo ya Minembwe haijajibu.